Mlango wa Mwalimu Bundi

Mjomba alisema anaondoka leo, na siku hizi Mjomba akisema leo, ni leo. Hilo ndilo lililomnyima Msumari raha tangu alipofungua macho. Mtu mwingine akikwambia anahama leo, unamchekea, unamsogezea chai, unajua mpaka jua litue atakuwa ameghairi. Mjomba hapana. Tangu atoke gerezani mzee huyu hakuwa na kiporo cha kazi. Bomba likianza kuvuja analifunga kabla sakafu haijapata habari. Kiti kikilegea mguu, ukigeuka kimeshapona.

Mama, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, alikuwa akisema walimfunga mtu mmoja wakamrudishia mwingine. Yule wa kwanza ukimwomba kitu jibu lake lilikuwa moja: kesho. Kesho nitapiga ukuta lipu, kesho nitaleta ngazi, kesho nitakuja. Mpaka ukawa msemo wa nyumba. Mtoto akidai kitu kisichowezekana aliambiwa atakipata kesho ya Mjomba, naye akaelewa, akaenda zake kucheza.

Sasa begi lilikuwa limefungwa, limesimama karibu na mlango wa chumba cha uani kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Alisema anakwenda kukaa kwa rafiki yake. Rafiki gani, hakuna aliyemuuliza, kwa sababu wote walijua rafiki huyo hana jina wala nyumba.

Sababu ya safari ilikuwa Dada, mkubwa wake Msumari. Dada alikuwa ameolewa, ana watoto, na mumewe alikuwa ameshasema hawezi kuruhusu wanawe walale chini ya paa moja na mtu aliyeua. Kwa hiyo Mama alikuwa bibi wa kwenye simu. Aliwaimbia wajukuu wake nyimbo za kulala huku amekumbatia simu, akamaliza wimbo, akabaki anaangalia kioo kimezima. Mjomba aliyaona hayo siku nyingi kupitia dirisha. Ndipo akaamua kujitoa, kimyakimya, kama mtu anavyong'oa mwiba wa mwenzake akiwa usingizini.

Msumari hakutaka. Alikuwa fundi seremala, mwembamba wa mwili na mkubwa wa kichwa, na jina hilo alipewa shuleni akalikubali kabla halijawa tusi. Mzaha ulikuwa ndiyo sabuni yake: kila uchafu wa dunia aliuoshea humo. Lakini asubuhi ile alipojaribu kumtania Mjomba, akamwambia begi lenyewe halina mgongo wa kusafiri, mzee alitabasamu tu na kumpa msumeno wake, ambao alikuwa ameunoa bila kuombwa.

"Nenda kazini, mwanangu. Ukichelewa wataita fundi mwingine."

Na kazi yenyewe, kama dunia nayo ilikuwa na mzaha wake, ilikuwa kwenye shule ile ile iliyompeleka Mjomba gerezani.

Shule ilikuwa imehamia majengo mapya upande wa pili wa uwanja. Jengo la zamani la sayansi lilitakiwa kubadilishwa milango yote ili pawe maktaba. Msumari alikuwa ameshang'oa mingi, ikabaki ya chumba kimoja ambacho kila mtu alimwachia yeye. Mlinzi alimpa ufunguo kwa vidole viwili, kama anamshika panya mkia, akakumbuka ana shughuli getini.

Kisa chenyewe Msumari alikijua kama mtu anavyojua hadithi ya kuzaliwa kwake. Kilipotokea alikuwa bado anatambaa. Palikuwa na mwalimu wa sayansi, wanafunzi walimwita Bundi kwa miwani yake mikubwa, mtu wa maneno machache, mkali kama limau. Alikutwa jioni moja ameketi kwenye kiti chake ndani ya stoo ya maabara, nyuma ya makabati, kichwa kimepasuka, amekufa. Chuma kilichompasua kilikutwa kwenye banda la tarishi wa shule. Tarishi ndiye Mjomba.

Mjomba hakukataa kwamba chuma alikichukua yeye. Kilikuwa kile kipande kizito kilichoning'inizwa kwa kamba ili mlango wa stoo ujifunge wenyewe. Alirudi kutoka mjini alasiri kwa gari la mwalimu mkuu, akapita stoo kabla shule haijatoka, akakikuta chuma sakafuni, kamba imekatika. Akakiokota akakifunge kamba mpya. Mwalimu alimwona kwenye kiti, amempa mgongo, akadhani amelala. Akatoka kwa kunyata asimwamshe.

Aliposema hivyo mahakamani watu waliguna. Mbaya zaidi, wiki hiyo hiyo Bundi alikuwa amemgombeza mbele ya wanafunzi kwa uvivu wake, kwa hiyo sababu ilipatikana bila kutafutwa. Mjomba akasema labda chuma kilimwangukia mwalimu asubuhi, yeye akiwa mjini. Mwendesha mashtaka akamuuliza, kama kilimwangukia asubuhi, baada ya chakula cha mchana darasa zima lilimsalimia nani? Maiti?

Maana darasa zima lilimsalimia. Walikwenda mmoja mmoja kusema hivyo, na wa kwanza alikuwa kiranja wao, msichana aliyekaa mbele, mpwa wa mshtakiwa mwenyewe. Dada. Alisema kweli, kama alivyofundishwa. Mwalimu alitokeza mlangoni, tukasimama, tukamwamkia, akatupungia mkono tukae, akarudi stoo. Kwa hiyo mwalimu alikuwa mzima mchana, na aliyeingia stoo baadaye alikuwa mmoja tu. Mambo yakaisha. Toka siku hiyo Dada hakumwamkia tena mjomba wake, wala hakumtazama.

Msumari alifungua chumba. Hewa ya ndani ilikuwa imelala muda mrefu, ikaamka taratibu. Madawati yalikuwa pale pale, yamevaa vumbi kama mashuka, na mwanga wa mchana ulipita kwenye vioo vichafu ukawa wa rangi ya asali. Ubaoni palikuwa na mistari iliyofutwa nusu. Kila alipokanyaga, sauti ya kiatu chake ilikwenda mpaka ukutani, ikafikiri, ndipo ikarudi. Alijikuta anatembea polepole, kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa.

Mlango wa stoo ulikuwa kando ya ubao. Ulikuwa umegoma kwa kutu, akaupaka mafuta kwenye bawaba, akaubembeleza kwa bega mpaka ukakubali. Ndani kulikuwa na makabati, kiti kimoja, na dirisha. Akalifungua dirisha vumbi litoke. Juu ya fremu, upande wa stoo, palikuwa na kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, na ndani yake kipande cha kamba kimebaki kama ulimi. Hakukitilia maanani. Joto lilimzidi, akavua koti lake la kazi, ambalo zamani lilikuwa jeupe na kwa vumbi la mbao lilikuwa jeupe tena, akalitundika kwenye msumari uliokuwa nyuma ya mlango. Alichekea moyoni: Msumari na mwenzake.

Hapo akasikia hodi.

Ilikuwa Dada. Alisimama nje ya darasa na mkoba wake kifuani, mama wa watu, mnene wa heshima. Nyumbani kwa Mama hakanyagi, kwa hiyo habari za nyumbani huzifuata kazini kwa mdogo wake. Alikuja kuuliza jambo moja, nalo alilizunguka sana: jua kali, watoto hawajambo, bei za viatu. Mwishowe akauliza kama yule mtu kweli anaondoka leo, ili kesho awalete watoto kwa bibi yao.

"Yule mtu ana jina," Msumari alisema. "Anaitwa Mjomba."

"Usinianze, Msumari."

"Sijakuanza. Ingia basi, unasimama juani kama mdai."

Akaingia. Msumari aliona jinsi alivyoingia: mguu mmoja, kisha akangoja, kisha wa pili. Alipita kati ya madawati akiyagusa kwa ncha za vidole, na bila kuchagua, miguu yake ikampeleka mbele kabisa, kwenye dawati la kulia. Akapangusa vumbi kwa kitambaa, akaketi. Dawati lilikuwa dogo kwake, akabanana humo, lakini mgongo ukanyooka wenyewe. Akaweka mikono juu ya meza, mmoja juu ya mwingine.  Alikuwa anautazama ubao kama kuna kitu cha kunakili.

Msumari akamwacha hapo. Akarudi stoo, akachuchumaa nyuma ya makabati kupima upana wa fremu ya dirisha. Nje upepo uliamka, ule upepo mvivu wa mchana unaoanza mbali kwenye majani na kufika ukiwa umesahau ulichofuata. Ukaingia dirishani. Mlango, uliolainishwa kwa mafuta, ukafunguka kidogo kuelekea darasani bila kulia.

"Darasa, simama!"

Tepu ikamponyoka mkononi. Haikuwa sauti ya Dada anayemjua. Ilikuwa sauti nyembamba, safi, ya msichana mwenye ufito wa kiranja mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Msumari alidhani anataniwa, na hilo peke yake lilitosha kumtisha, maana Dada hajatania mtu tangu azaliwe. Akatoka nyuma ya makabati, akapita mlangoni. Dada alikuwa amesimama wima kati ya dawati na kiti, mikono ubavuni, uso umeinama kidogo kwa adabu. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama ukingo wa mlango. Pale, katika ule upenyo, mkono mweupe wa koti ulikuwa unatokeza kwa upepo, unapanda, unashuka, unapanda, unashuka. Kaeni. Kaeni. Kisha upepo ukavuta pumzi, mkono ukarudi ndani, na mlango ukajirudishia polepole.

Dada akaketi. Ndipo akashtuka kwamba ameketi.

"Ulikuwa unanipungia?" akauliza.

"Mimi nilikuwa nimechuchumaa kule dirishani, Dada. Hilo ni koti langu."

Alimtazama kama mtu anayeambiwa aliyekuwa akizungumza naye sebuleni hakuwapo. Akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akaushika mkono wa koti. Akauinua, akauachia. Ukaanguka, mtupu.

 Vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga, haliendi kokote. Halafu Dada akaanza kueleza, na sauti yake ilitoka taratibu kama mtu anayesimulia ndoto kabla haijamtoroka. Siku ile ilikuwa hivi hivi, joto na upepo. Wametoka kula, wamechoka, macho mazito, nusu ya darasa wanasinzia. Bundi huwa hasemi. Mlango ukifunguka, mkono mweupe ukitokeza, mtu unasimama. Mwili unasimama kabla yako. Wa nyuma wanasimama kwa sababu wa mbele wamesimama. Na wa mbele wanasimama kwa sababu kiranja amesema. Marahaba hakuitikia, lakini Bundi hakuwahi kuitikia hata siku moja, alipunga tu, na mara nyingi alirudi stoo akawaacha wasome kimya mpaka kengele. Na jioni walipomkuta, koti lake jeupe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari huo huo.

"Uso wake uliuona?" Msumari aliuliza.

"Nani alikuwa anamtazama Bundi usoni? Ulikuwa unatazama miguu yako."

"Na miguu yake?"

 Dada akakandamiza midomo kwa kitambaa chenye vumbi la dawati.

Msumari alikuwa bado hajaelewa yote. Alijua tu kwamba kuna kitu kimelegea, kama skrubu inayozunguka bila kukaza. Akaufungua mlango, akauachia. Ukabaki hapo hapo. Akaupulizia kwa mdomo, kwa mzaha tu, kama mtoto anayezima mshumaa, nao ukasogea.

"Siku zote ulikuwa mwepesi hivi?"

"Huo? Bundi alikuwa anausukuma kwa bega. Kile chuma kilikuwa kinauvuta, ukiuachia unajibamiza, tulikuwa tunashtuka kila sa..." Dada akanyamaza katikati ya neno.

Wote wawili wakatazama juu, kwenye kapi, kwenye ule ulimi wa kamba. Ncha yake haikuwa imekatwa kwa kisu. Ilikuwa imechakaa, nyuzi zimechanuka kama ufagio mkuukuu.

Chuma kikiwa kinaning'inia, upepo ule usingeweza kuufungua mlango hata ungekuja na ndugu zake. Na siku ile mlango ulifunguka kwa upepo, darasa zima likaona, likasimama, likaapa. Basi darasa lilipokuwa linasalimia, chuma kilikuwa tayari kiko sakafuni. Na kama kilikuwa sakafuni, kilikwisha kumpitia aliyekuwa chini yake, asubuhi, Mjomba akiwa mjini garini na mwalimu mkuu. Bundi alipigwa, akaona kizunguzungu, akalitundika koti lake mahali pake kama mtu mpenda utaratibu, akaenda kuketi kidogo maumivu yapungue. Akaketi mpaka leo.

"Hakuna aliyeua mtu," Msumari alisema. Maneno yalitoka madogo kuliko alivyotarajia.

Dada alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Niliapa," alisema. "Nilisema kweli, mdogo wangu. Nilisema kweli tupu."

Msumari hakuung'oa mlango ule. Aliufunga, akafunga na darasa, akaweka kufuli lake mwenyewe juu ya lile la shule, akamwambia mlinzi asiruhusu hata nzi mpaka aje na wakili. Mlinzi akauliza kuna nini ndani. Msumari akamwambia kuna mwalimu bado anafundisha, na mlinzi akaapa hata nzi atamripoti.

 Walipofika kwenye kona ya nyumbani jua lilikuwa limelegea, nguo za jirani zinapepea kwenye kamba, mashati meupe yanapunga mikono kwa mtu yeyote apitaye, na Dada akatembea akitazama chini. Kwenye geti alisimama. Msumari alimuuliza kuhusu shemeji. Akajibu mumewe atamalizana naye yeye mwenyewe, hiyo kazi ni ndogo.

Mjomba alikuwa ukumbini. Amevaa shati la safari, ameketi kwenye kiti kile alichokitengeneza mwenyewe, begi katikati ya miguu, kidevu kifuani. Amewapa mgongo nusu. Hakujitikisa. Jikoni Mama alisikika akigonga sufuria kwa nguvu zisizohitajika, kama mtu anayegombana na mtu asiyekuwepo.

Dada alisimama nyuma ya kiti. Msumari alimwona anavyokitazama kile kichwa chenye mvi, kilivyoinama, kilivyotulia, na akajua anaona kiti gani. Mtu mwingine angenyata. Angegeuka arudi alikotoka, aje siku nyingine mzee akiwa macho. Dada akaweka mikono ubavuni.

"Shikamoo, Mjomba."

Kimya. Kwenye sufuria nako kukawa kimya. Msumari alihesabu mapigo ya moyo wake, akayapoteza, akaanza upya.

Kichwa kikainuka. Mzee aligeuka taratibu, akamtazama aliyesimama, akamtazama tena, kama mtu anayehakikisha kwamba ameshaamka.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama? Kaa."

Dada hakukaa, alianguka chini kwenye sakafu kando ya begi, akamshika mzee magoti, na yote yakamtoka hapo: mlango, upepo, koti, ule mkono. Hakuyapanga. Aliyasema ya mwisho mwanzo, na Msumari akawa anamsaidia pale pumzi zilipomwishia. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, mchuzi unadondoka kwenye kanga yake naye hana habari.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Hakushangilia. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kichwa cha Dada, kiganja chenye makovu ya zana, na kwa muda mrefu alikuwa anatazama kitu kilicho mbali kuliko ukuta.

"Unajua alinigombezea nini wiki ile?" alisema mwishowe. "Kamba. Aliniambia kamba ya mlango imechakaa, niibadilishe. Nikamwambia kesho."

 Msumari akakumbuka bomba lililofungwa kabla sakafu haijalowa, mguu wa kiti, msumeno ulionolewa asubuhi. Akaelewa alichokuwa akikikimbia mzee huyu kila alipokimbilia kazi.

"Kwa kamba, Mjomba," Dada alisema, uso bado uko kwenye goti, "mtu hafungwi ujana wake wote."

"Hafungwi," mzee alikubali. "Lakini huwaza."

Mama aliuona mchuzi kwenye kanga, akafyonza, akarudi jikoni, na waliposikia sahani zinatolewa kabatini walijua anatoa nyingi kuliko za kila siku. Akauliza kwa sauti kutoka huko huko kama kesho watoto wanakula wali au viazi. Dada akajibu wanakula chochote, mradi wakae karibu na babu yao.

Kiza kilianza kujikusanya kwenye pembe za ukumbi, laini, bila haraka. Msumari alisogeza mguu, ukagonga begi. Akalitazama, akamtazama mwenyewe.

"Mjomba, na hii safari? Maana gari la jioni halimngoji mtu."

Mzee aliliangalia begi kwa muda, kama amelikuta njiani la mtu mwingine. Akaegemea kiti chake, akanyoosha miguu, akafumba macho. Upande mmoja wa mdomo wake ulipanda kidogo.

"Kesho," alisema.

Jikoni sufuria lilianguka, na Mama akaanza kucheka.